SOMO LA WAZAZI NA VIJANA: "BIBI, KUMBE KWETU KULIKUWA NA KRISMASI?"

Somo: Kutoka 12:1-27

Krismasi inakaribia, na somo hili tumelipata jikoni.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya sikukuu, tuliwakusanya vijana wa kwaya kuoka biskuti za viungo, zile tulizoziita biskwi kule Baraka. Walikuwa wakitwanga tangawizi huku bibi mmoja akiwasimulia habari za mkesha: jinsi watu walivyoshuka kutoka vilimani na wengine kuvuka kwa mitumbwi kutoka Ubwari, na usiku taa za wavuvi wa ndagala zikijaa ziwani kama mji mwingine. Binti mmoja akaacha kutwanga akauliza, "Bibi, kumbe kwetu kulikuwa na Krismasi?"

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Ilikuwapo, mjukuu wangu. Tena ilinukia."

Swali lile lilitugusa. Binti huyo alizaliwa hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 tulipokimbia vita. Ziwa Tanganyika hajaliona. Habari za kwao amezisikia tangu utotoni, lakini alizosikia ni za risasi, kukimbia na waliozikwa njiani. Nani alimfundisha kwamba kwao ni mahali pa kufa tu? Ni sisi wazazi. Wengine wetu tulisimulia vita peke yake, na wengine tulinyamaza kabisa kwa sababu kukumbuka kunaumiza.

Neno linatufundisha nini?

Katika Kutoka 12, Mungu aliwapa Israeli chakula cha kukumbuka: mwana-kondoo, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Tuangalie mambo mawili.

Kwanza, chakula kile kiliwekwa ili watoto waulize (mstari wa 26). Mtoto akiona na kuonja, huuliza mwenyewe, na hapo mzazi anapata mlango wa kusema.

Pili, uchungu na mkate viliwekwa kwenye meza moja. Mzazi aliyesimulia utumwa alisimulia pia mkono wa Bwana. Nasi tusiwafiche watoto machungu, lakini tusiwanyime na mema. Mtoto asiyejua kwamba Mungu alitutendea mema Baraka, atasadikije kwamba anaweza kututendea mema tena?

Namna ya kuoka

Unga wa ngano vikombe 3, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta ya kupikia robo tatu ya kikombe, beking pauda vijiko vidogo 2, tangawizi ya unga vijiko vidogo 2, mdalasini kijiko kidogo 1, karafuu iliyosagwa kidogo sana, na chumvi kidogo. Changanya vikavu, tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Sukuma, kata vipande vidogo, panga kwenye sahani ya bati.

Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, ipashe moto, weka sahani juu ya mchanga, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua chini na kubaki mbichi juu. Angalia baada ya dakika 15.

Wako waliotuuliza: sukari ya nini, na mgao hautoshi? Ni swali la haki. Kwa hiyo kila nyumba ilileta kilichowezekana, hata kijiko kimoja cha sukari, na aliyekosa alileta mkaa au mikono yake. Kila mtu alipata biskuti moja au mbili. Shabaha haikuwa kushiba.

Ushauri kwa wazazi

Asiyeweza kusimulia asilazimishwe. Mama mmoja alichochea makaa mchana kutwa bila kusema neno. Jioni, vijana walipokuwa wakiosha vyombo, alianza mwenyewe kuwaeleza soko la Baraka na mama yake aliyeuza samaki pale. Tulimwachia nafasi, tukasikiliza.

Kijana naye akiuliza, "Tutarudi lini?" tusimdanganye kwa tarehe tusiyoijua. Tumwambie tulichokiona: Bwana alikuwa nasi kule, alikuwa nasi majini tulipovuka, na yuko nasi hapa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Watoto wetu wanajua jambo gani jema kuhusu mji tulikotoka?
2. Ni habari gani tumewanyima kwa sababu inatuumiza?
3. Ni chakula gani cha kwetu kinaweza kumfanya mtoto aulize?

Bwana awabariki, na sikukuu iwe njema katika kila nyumba.