SOMO LA 9: MOSHI WA JIRANI

Mavuno yamekwisha. Watu wanafyeka na kufagia viwanja vyao. Jirani yako amekusanya magugu, akayatia moto. Magugu ni mabichi, hayawaki vizuri. Yanafuka moshi tu. Moshi unaingia nyumbani kwako. Mtoto wako mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Utafanya nini?

Usikimbilie kugombana. Pengine jirani hajui kwamba upepo unakuletea moshi. Ngoja hasira ipoe, kisha mwendee wewe mwenyewe. Piga hodi, msalimie, umweleze: "Jirani, moshi wa jana uliingia ndani. Mtoto hakulala. Nimekuja tushauriane."

Mweleze madhara yake. Moshi una hewa ya sumu na chembe ndogo sana zinazoingia mpaka ndani ya mapafu. Watoto wadogo, wazee na wenye pumu hudhurika zaidi. Plastiki ikichomwa, sumu huzidi.

Lakini magugu atayapeleka wapi? Msaidie kupata njia. Magugu ni mali. Yakichomwa, sehemu ya chakula cha mimea hupotea hewani. Yakirundikwa, huwa mboji. Fanyeni hivi:

Chagueni mahali penye kivuli. Pangeni majani makavu, juu yake majani mabichi, kisha samadi na udongo kidogo. Rudieni mpaka lundo lifike kiunoni. Nyunyizeni maji. Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoeni. Kikiwa na joto, kazi inaendelea vizuri. Geuzeni lundo kila baada ya wiki 3. Baada ya miezi 3 hivi mboji itakuwa tayari.

Je, akikataa? Mwone mwenyekiti wa kitongoji awasuluhishe. Ikishindikana, nenda kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inahusu pia kero zinazodhuru afya. Kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo, nayo halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha.

Mwisho, jiulize: unapochoma taka zako, moshi wako unakwenda kwa nani?

MASWALI
1. Kwa nini magugu mabichi hutoa moshi mwingi?
2. Taja watu wanaodhurika zaidi na moshi.
3. Kijiti katika lundo kina kazi gani?
4. Jadilianeni darasani: Kijiji chetu kinahitaji sheria ndogo juu ya uchomaji wa taka?