Kupiga Picha za Nyota Kutoka Uani Kwetu Maua

Kama umewahi kutoka nje usiku hapa Maua stima zikiwa zimepotea, basi utakubaliana nami kwamba anga letu si la kudharauliwa. Wengine hulalamika, mimi hufurahi. Taa za mji zikizimika, vilima vya Nyambene hubaki kivuli cheusi na nyota huonekana kana kwamba zimeshuka hadi kwenye majani ya miraa. Nataka kueleza jinsi ya kuzipiga picha nyota hizo bila darubini, pamoja na kosa lililonipotezea karibu likizo nzima.

Kamera niliyotumia ni ya mjomba wangu, ambaye hupiga picha za harusi. Kamera yoyote inayoweza kubaki wazi kwa sekunde nyingi inafaa, na hata simu nyingi za siku hizi zina uwezo huo. Iweke mahali pasipotikisika (mimi nilianza na gunia la mchanga juu ya kigoda), fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, ISO iwe 1600, kisha zungusha lenzi mpaka nyota kubwa ionekane kama kinukta. Usibonyeze kwa kidole kwani utaitikisa, tumia taima. Na uwe na kitambaa laini, maana umande wa huku kwetu hauna huruma kwa lenzi.

Picha yangu ya kwanza niliiacha dakika mbili. Wacha nipate mistari! Nilidhani nimeharibu kamera ya watu, usingizi ukanipaa. Kumbe kamera ilikuwa nzima, ni dunia iliyosogea. Dunia huzunguka digrii 360 kwa muda wa saa 24, yaani digrii 15 kila saa. Kwa dakika mbili nyota husogea nusu digrii, na huo ndio upana wa mwezi tunavyouona.

Dawa ya kwanza ni hesabu. Kwa kamera za kawaida chukua 300 ugawe kwa milimita za lenzi. Lenzi ya milimita 18 itakupa kama sekunde 16, basi usizidishe hapo. Tena nyota hazikimbii sawa. Mshipi wa Orioni, zile nyota tatu zilizojipanga, uko karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hivyo huenda mbio kuliko zote. Msalaba wa Kusini uko digrii 60 kusini mwa ikweta hiyo. Kosini ya 60 ni nusu, kwa hivyo Msalaba huenda nusu ya mwendo huo na unaweza kuupa muda mara mbili. Mwalimu wa hesabu akikuuliza kosini ina faida gani, mjibu hivyo.

Lakini sekunde 16 ni chache kwa nyota hafifu. Dawa ya pili ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kamera ikae juu, na boliti ya milimita 6 iusukume ubao wa juu polepole kuifuata anga. Boliti hiyo ya kawaida husogea milimita 1 kila mzunguko. Ukiiweka milimita 229 kutoka kwenye bawaba na kuizungusha mara moja kila dakika, ubao unainuka kwa mwendo ule ule wa nyota.

Hapa ndipo nilipokosea. Maelezo niliyosoma yalikuwa ya watu wa Ulaya na Marekani, na yote yalisema: elekeza bawaba kwenye Nyota ya Kaskazini. Nikaitafuta nyota hiyo usiku baada ya usiku, shingo ikauma, mbu wakanila. Haikuonekana! Ndipo nikafungua ramani. Maua iko karibu robo digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mtu wa London huiona nyota hiyo juu kiasi cha digrii 51. Sisi iko chini kabisa kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima. Maana yake ni kwamba bawaba yetu haihitaji kuinuliwa hata kidogo. Inalala chali, kaskazini kwa kusini, na pimamaji ya fundi mwashi inatosha. Bawaba ikae upande wa magharibi, boliti upande wa mashariki. Mzungu anahangaika kupima mwinamo, sisi tunaweka mbao juu ya vigoda viwili basi.

Mwanzoni mwa Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mshipi wa Orioni hupita utosini kwetu. Nilizungusha boliti robo mzunguko kila sekunde 15, macho kwenye saa, kwa dakika mbili. Nyota zikatoka vinukta, na chini ya mshipi likatokea wingu la rangi ya waridi ambalo jicho haliioni rangi yake. Ni gesi ambamo nyota changa zinazaliwa. Mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka 1,300, yaani uliondoka huko kabla msikiti mkuu wa Kilwa haujajengwa.

Usiku huo huo niligeuza kamera kaskazini-magharibi kwenye Kilimia. Nyanya yangu alikuwa akikitazama zamani: kikianza kuchomoza mashariki jioni, mwezi wa Novemba, mbegu ziwe zimeshaingia ardhini. Sasa macho yake yana mtoto wa jicho na hajakiona miaka mingi. Nilimkuzia picha kwenye kioo cha kamera, akasogeza uso karibu, akahesabu kwa kidole.

"Umeziongeza," akasema. "Kilimia kina nyota sita."

Nikamwonyesha picha nyingine niliyoipa sekunde moja tu. Akahesabu tena. Sita. Akarudi kwa ile ya dakika mbili, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbao zile nilizitoa wapi, maana mlango wa banda lake la kuku ulikuwa umepungua.

Mbao nimemrudishia. Nyingine nitanunua likizo ya Agosti, na mwanachama anayetaka kutengeneza zake aje na boliti yake.