Ameumia uti wa mgongo: aruhusiwe lini kurudi nyumbani?

Jeraha la uti wa mgongo hukata mawasiliano kati ya ubongo na sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha, na hasara yake haiishii miguuni. Ngozi hupoteza hisia, kibofu na utumbo hukosa amri, na pengine shinikizo la damu nalo huyumba. Kwa hiyo swali la msomaji wa Tanga, ambaye kaka yake alianguka kutoka juu ya mnazi, ni zito: kuna faida gani kumwacha hospitalini ilhali upasuaji umekwisha na gharama zinapanda?

Faida ipo, tena kubwa. Upasuaji huimarisha mfupa, lakini mishipa ya fahamu iliyokatika hauiungi. Kinachofuata ni utengamao, yaani miezi ya kumfundisha majeruhi kuishi na mwili uliobadilika. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wengi walioumia hivi walikufa mapema kwa vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari Ludwig Guttmann alipoanzisha kitengo chake cha majeraha haya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Nairobi leo ina hospitali ya taifa ya majeraha haya; Tanzania, hospitali za MOI ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi hupokea majeruhi wa namna hii.

Somo la kwanza wodini ni ngozi. Anayeketi kwenye kitimwendo hufundishwa kuinama mbele, kifua kikielekea magotini, na kubaki hivyo dakika moja au mbili kila baada ya nusu saa hivi, ili damu ipite kwenye makalio. Asubuhi na jioni hukagua mgongo wa chini, nyonga na visigino kwa kioo cha mkononi. Doa jekundu, au jeusi zaidi kwa ngozi nyeusi, lisilofifia likibonyezwa, ni amri ya kutolalia upande huo mpaka lipotee. Kikombe cha chai ya moto kisipakatwe kamwe, na jiko la mkaa likae mbali na miguu: ngozi isiyohisi huungua kimyakimya. Kidonda kilichoachwa wiki chache huweza kufika mfupani na kumrudisha mtu hospitalini kwa miezi.

Kibofu nacho kina ratiba yake. Wengi hufundishwa kujiingizia mpira safi wa mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, ili mkojo usizidi kama mililita 500. Ukizidi, msukumo hurudi kwenye figo na kuziharibu polepole. Kujinyima maji ili kupunguza kazi hiyo ni kosa, kwani huleta mawe na maambukizi. Choo kikubwa huzoezwa kwa saa ileile, nusu saa hivi baada ya chakula, wakati utumbo wenyewe unapochangamka.

Walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu wana hatari moja ambayo hata baadhi ya wahudumu wa zahanati hawaijui. Kichwa hugonga ghafla, uso hutoka jasho na shinikizo la damu hupanda kwa kasi. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa, mpira uliojikunja au choo kilichokwama. Aketishwe wima mara moja, miguu ishushwe, nguo zilegezwe, kisha chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dalili zisipotulia upesi, akimbizwe hospitali. Zikiachwa, zinaweza kusababisha kiharusi.

Kutembea ndilo swali ambalo familia huuliza kwanza, na wastahili jibu la kweli. Wenye hisia au nguvu kidogo chini ya jeraha wana matumaini zaidi, na sehemu kubwa ya nafuu huonekana katika mwaka wa kwanza, hasa miezi 6 ya mwanzo. Daktari anayeahidi zaidi ya hapo, au anayefuta matumaini yote wiki ya kwanza, hatendi haki. Huzuni kubwa nayo ni sehemu ya ugonjwa na ina tiba. Mara nyingi mazungumzo na mtu aliyeishi miaka kadhaa kwenye kitimwendo, akazungumzia kazi, ndoa na hata tendo la ndoa, humfikia majeruhi pale ambapo wahudumu hawafiki.

Nyumba ipimwe kabla hajaruhusiwa. Mlango unaofaa kitimwendo una upana wa sentimita 80 hivi. Kizingiti cha sentimita 30 huhitaji mteremko wa mita 3.6. Choo cha shimo huwekewa kiti chenye tundu katikati. Mtu awe tayari kurudi anapoweza kujihudumia, au kumwelekeza mwingine hatua kwa hatua, na walau ndugu wawili wawe wamefanya kazi hizo kwa mikono yao mbele ya muuguzi. Mwisho wa wiki mmoja wa majaribio nyumbani hufichua mengi yaliyosahaulika. Baada ya hapo kliniki huendelea, na figo zipimwe kila mwaka hata kama hakuna maumivu, kwa sababu maumivu huenda yasihisiwe.