Jib Si Jibu: Maneno ya Kazi za Ghuba katika Sikio la Msemaji wa Kiswahili wa Uvira

Mtu wa Uvira anayejiandaa kwenda kufanya kazi ya nyumbani Muscat, Doha au Riyadh huambiwa na wengi kwamba lugha haitamsumbua. Kiswahili kimejaa Kiarabu, wanasema, kwa hiyo atazoea baada ya majuma machache. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Makala haya yanahusu nusu iliyobaki: maneno yanayofanana ndiyo yanayopotosha zaidi, na yanapotosha hasa pale ambapo mfanyakazi ana mengi ya kupoteza, yaani katika amri za kazi, saa za kazi na karatasi ya mkataba. Walimu wetu wa Kifaransa huyaita maneno ya namna hiyo marafiki wa uongo, na jina hilo nitalitumia hapa. Mifano ya Kiarabu nimeiandika kwa tahajia iliyo karibu na ya Kiswahili.

1. Maneno yalifikaje ziwani?

Burton na Speke walipopanda kaskazini kwa mitumbwi kutoka Ujiji mnamo Aprili 1858, waliikuta Uvira tayari ni kituo cha mwisho cha kaskazini walichofikia wafanyabiashara waliotoka pwani. Hapo palinunuliwa pembe za ndovu na watumwa. Baadaye watu wa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, walieneza nguvu zao kutoka Ujiji hadi ufuko huu. Vita vya Dola Huru ya Kongo dhidi ya Waarabu, kati ya 1892 na 1894, viliondoa mamlaka yao, lakini lugha ya misafara ilibaki.

Kwa somo letu, historia hiyo ina mambo mawili. Kwanza, maneno ya Kiarabu hayakutufikia kutoka vinywani mwa Waarabu peke yao. Yaliletwa na Waswahili na Wangwana, na yalikuwa yameshabadilika sauti na maana kabla hayajavuka ziwa. Pili, Kiarabu anachokikuta mfanyakazi wa leo si cha vitabu. Ndani ya nyumba husemwa lahaja ya Ghuba, na baina ya mwajiri na wageni wa Asia na Afrika hutumika lugha iliyorahisishwa, pijini ambayo J. R. Smart aliieleza mwaka 1990 katika jarida la Anthropological Linguistics. Katika pijini hiyo, vitenzi huelekea kubaki na umbo moja, "inta" hutumika kwa maana ya wewe bila kujali mwanamume au mwanamke, na ukanushi hufanywa kwa "mafi".

2. Sauti kwanza

Kiarabu hutenganisha k na q. Kiswahili kimeziunganisha zote mbili kuwa k. Katika sehemu kubwa ya Ghuba, q hutamkwa g. Hivyo kahawa huwa "gahwa", wakati huwa "wagt", kabla huwa "gabl". Anayeijua kanuni hii moja ataokoa maneno mengi. Asiyeijua atapotea hata kwenye neno la shule: akisikia "kalam" atafikiri anaulizwa kalamu, kumbe anaambiwa habari ya kusema au maneno. Kalamu yenyewe ni "galam". Kanuni hii haifanyi kazi kila mahali, kwa sababu sehemu nyingi za Oman bado hutamka q yenyewe.

3. Amri za kazi

Siku ya kwanza jikoni huanza na amri. Tuchukulie mfano wa binti kutoka Kalundu ambaye mwenye nyumba anamwambia: "Jib chai." Sikio lake linasikia "jibu", naye anasubiri swali ambalo halijaulizwa. Kumbe "jib" maana yake ni lete. Neno letu jibu linatokana na mzizi mwingine, ule wa jawabu. Kuwait na Imarati wengine husema "yib", na hapo angalau hakuna wa kumdanganya.

Tazama na haya:

"Ruh" ni nenda, ondoka. Sisi tuna roho, lakini anayeambiwa "ruh" haambiwi habari ya roho yake.

"Sawwi" ni fanya, tengeneza. "Sawwi chai" ni tengeneza chai. Akijibu "sawa" akidhani ameulizwa kama mambo ni sawa, chai haitapikwa.

"Malum" katika pijini ni kujua. "Inta malum?" ni swali: unajua? Katika Kiswahili maalum ni kitu cha pekee.

"Taban" ni aliyechoka. Mtu akisema "ana taban" hasemi ana taabu kwa maana yetu ya matatizo. Anasema amechoka.

"Esh" katika Ghuba ni wali. Nitalirudia neno hili chini.

Kuna pia ufanano wa bahati tu. Maji huitwa "may" katika lahaja za Ghuba, na mwanafunzi anaweza kudhani ni ndugu wa maji yetu. Sivyo: maji ni neno la Kibantu.

Jambo la adabu lisisahaulike. Huku kwetu, kumwagiza mtu mzima kwa kitenzi kitupu, "lete" au "toka", ni ukali. Tunalainisha kwa "naomba" au kwa kusema "uniletee". Katika pijini ya Ghuba kitenzi kitupu ndicho umbo la kawaida, hata kwa mtu asiye na hasira. Mfanyakazi akilijua hilo, hatahesabu kila amri kuwa tusi, na atalitambua tusi lenyewe linapokuja.

4. Saa

Rafiki wa uongo mwenye gharama kubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni saa. Sita, saba na tisa ni namba tulizokopa kwa Kiarabu. Saa nayo tumeikopa. Kwa hiyo "saa saba" inasikika karibu vilevile katika lugha zote mbili, lakini Kiswahili huhesabu kuanzia macheo na Kiarabu cha Ghuba huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Saa saba ya mwajiri wa Doha ni saa moja yetu ya asubuhi. Saa sita yake ya kuamka ni saa kumi na mbili ya alfajiri yetu. Tofauti ni saa sita kamili.

Hapa hatari haiishii kwenye kuchelewa kuamka. Sheria za nchi kadhaa huweka mpaka wa kazi: Kuwait, kwa sheria namba 68 ya 2015, saa zisizozidi 12 kwa siku, Qatar, kwa sheria namba 15 ya 2017, saa zisizozidi 10. Mfanyakazi anayeandika saa zake katika daftari ili adai haki yake, akiziandika kwa hesabu ya Kiswahili, anatoa ushahidi utakaosomwa kwa makosa.

Sisi wa Uvira tuna njia ya kujinasua. Shuleni tumesoma saa kwa Kifaransa, na hesabu ya Kifaransa ni ileile ya Ghuba. Basi ushauri ni huu: usikiapo saa kwa Kiarabu, ifikirie kwa Kifaransa, usiifikirie kwa Kiswahili.

5. Mkataba

Mkataba ni neno tunalolielewa, lakini juu ya karatasi ya Ghuba huandikwa "aqd". Muislamu wa Uvira atalikumbuka kwa akdi ya ndoa. Ndani ya karatasi kuna maneno matano ambayo inafaa kuyajua kabla ya kutia saini.

"Ratib" ni mshahara. Sisi tuna ratiba, mpangilio wa shughuli. Anayetafuta mshahara wake anaweza kuipita "ratib" akidhani ni orodha ya kazi.

"Maktab" ni ofisi, na kwa wafanyakazi wa ndani mara nyingi ni ile ofisi ya wakala iliyowaleta. Si maktaba ya vitabu. Kuambiwa kwamba utarudishwa "maktab" ni habari nzito.

"Ijaza" ni likizo.

"Jawaz" ni pasipoti. Mzizi wake ni ule wa kujuzu, kuruhusika.

"Kafil" ni mdhamini, mtu ambaye kibali cha ukaazi cha mfanyakazi hufungamana naye chini ya utaratibu wa kafala. Wasemaji wengi wa Kiswahili hubadilishana l na r bila madhara. Hapa madhara yapo: anayemwita mwajiri wake Muislamu "kafiri" badala ya "kafil" amemtukana bila kujua.

Namba nazo zinataka uangalifu. Mia ni "miya" na elfu ni "alf", kwa hiyo mwanzo ni mwepesi. Lakini Kiarabu kina umbo la uwili ambalo Kiswahili hakina. Kiambishi tamati "-en" hugeuza kimoja kuwa viwili: "yom" ni siku, "yomen" ni siku mbili, "alf" ni elfu moja, "alfen" ni elfu mbili. Qatar imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, na kima hicho kinawahusu wafanyakazi wa nyumbani pia. Anayesikia "alf" na anayesikia "alfen" hawajasikia ahadi moja. Vilevile "sana" ni mwaka. Mkataba wa miaka miwili ni wa "sanaten", na hakuna ndani yake "sana" yetu ya kuzidisha jambo.

6. Majina ya watu

Mfanyakazi wa nyumbani huitwa "haddama". Mzizi ni ule wa huduma na mhudumu, maneno ambayo kwetu yana heshima: tunasema mhudumu wa afya bila kumshusha mtu. Katika Ghuba jina hilo linabaki chini. Lugha ya sheria hutumia "amila", mwenye kufanya kazi, ndugu wa neno letu amali. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unamtambua mtu huyu kuwa mfanyakazi kama wengine. Hakuna hata moja ya nchi sita za Ghuba iliyouridhia. Kwa hiyo swali la jina halijawa la wanaisimu peke yao.

Yeye naye huwaita waajiri "mama" na "baba". Kwetu maneno haya hubeba wajibu wa pande mbili: ukimwita mtu mama, naye ana deni la kukutunza. Mwanamke wa miaka 40 mwenye watoto Mulongwe anaweza kumwita mama msichana aliyemzidi kwa miaka 15. Adabu hiyo ni ya kazi tu. Akiitegemea kama udugu, ataumia.

Oman ina hali yake. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Waomani wengi walihamia huko kutoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo. Mtu wa Uvira anaweza kukuta Kiswahili ndani ya nyumba. Kitamsaidia, lakini lugha moja haifuti tofauti kati ya anayelipa na anayelipwa.

7. Lugha ya malengo

Ukimuuliza mtu anayeondoka anakwenda kufanya nini, hajibu kwamba anakwenda kufagia. Anasema anakwenda kutafuta maisha. Maisha na kuishi vina mzizi mmoja na ile "esh" ya jikoni. Sisi tumeuchukua mzizi huo kwa upana wake wote, Ghuba imeupeleka kwenye sahani ya wali. Anayetafuta maisha anaanza kwa kuosha "esh".

Malengo yenyewe husemwa kwa -ki- na -ta-: "mkataba ukiisha nitarudi", "nikirudi nitajenga", "nikipata nitawalipia wadogo zangu minerval". Sarufi inaonyesha mambo yalivyo. Kila -ta- ya mtu huyu inaning'inia kwenye -ki-, na -ki- ya kwanza, mwisho wa mkataba, imeandikwa katika lugha asiyoisoma. Ndiyo maana "sanaten" na "ratib" si msamiati wa pembeni. Ndio msingi wa nyumba anayoitaka Kasenga au Kavimvira. Akiba haiozi, lakini sharti kwanza mtu ajue ni kiasi gani alichoahidiwa.

8. Kitivo kinaweza kufanya nini?

Marafiki wa kweli pia wapo, na ni wengi: sabuni, sahani, samaki, sukari, basi ("bas", imetosha), mara ("marra"), fahamu ("fahim"). Samahani ina ndugu wa kusaidia sana, "law samahti", kwa idhini yako, anayoambiwa mwanamke. Mtu mwenye "ana mafi fahim, marra thanya", sijaelewa, sema tena, ana kinga kuliko mwenye maneno mia aliyoyabahatisha.

Napendekeza idara yetu itengeneze kijitabu kifupi chenye sehemu tatu: marafiki wa kweli, marafiki wa uongo, na maneno ya mkataba, kila neno likiwa na hati ya Kiarabu pembeni ili mtu alitambue kwenye karatasi. Wanafunzi wa Kiarabu wahakiki upande wao, sisi wa lugha za Kiafrika tuhakiki Kiswahili cha hapa, kwa sababu kijitabu kitakachoandikwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kitahitaji kufasiriwa tena sokoni Mulongwe. Na wanawake waliorudi kutoka Ghuba waalikwe kama walimu wa somo hili, walipwe kama walimu. Wao wameshafanya mtihani wake.