Kuelea na Kueleza: Makumbusho ya Sayansi ya Kugusa na Mtoto wa Garsen

Utangulizi

Makumbusho mengi humpokea mtoto kwa onyo: usiguse. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco, Marekani, kwa kanuni iliyo kinyume: vifaa viliwekwa ili vishikwe, vizungushwe na kujaribiwa. Makumbusho ya namna hiyo yameenea katika miji mingi duniani. Garsen, katika Kaunti ya Tana River, hayapo. Makala haya yanajadili jinsi darasa la watoto wa huko linavyoweza kufanya ziara kama hiyo katika uwanja wa shule, na hasa nafasi ya Kiswahili katika ziara yenyewe. Hoja kuu ni kwamba mtoto hugusa kwa mkono, na alichokigusa hukihifadhi kwa lugha.

Muktadha wa Lugha

Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, una urefu wa takriban kilomita 1,000. Katika delta yake huishi Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima na wavuvi, na Waorma, ambao ni wafugaji, pamoja na jamii nyingine. Kipokomo ni lugha ya Kibantu katika kundi la Sabaki, kundi moja na Kiswahili na Kimijikenda. Kiorma ni lugha ya Kikushi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watoto wa pande zote. Hata hivyo, sera ya elimu ya Kenya hutumia lugha ya mazingira ya mtoto katika gredi tatu za kwanza. Kuanzia gredi ya nne, sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha sayansi kwa Kiswahili. Istilahi, basi, zipo. Kinachokosekana Garsen ni fursa ya kuzitumia.

Vituo Vitatu vya Kugusa

Ifahamike kwamba Mto Tana una mamba na viboko. Kwa hiyo maji yaletwe uwanjani kwa ndoo na watu wazima.

Kituo cha kwanza ni beseni la maji na udongo wa mfinyanzi. Mtoto apewe donge, abashiri litakuwaje, kisha alitumbukize: litazama. Alifinyange donge lilelile liwe mtumbwi mdogo wenye kuta nyembamba: litaelea. Uzito wa udongo haukubadilika. Kilichoongezeka ni maji yanayosukumwa kando, na maji hukisukuma chombo juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji hayo.

Kituo cha pili ni chupa angavu ya maji ya mto. Itikiswe, kisha iachwe. Mchanga hutangulia kutuama, hufuata tope laini, na chembe ndogo kabisa za udongo huyatia maji wekundu kwa saa nyingi. Tabaka la chini ndilo mashapo. Mtoto aliyeliona ataelewa kwa nini mafuriko huacha rutuba shambani, na kwa nini bwawa kama Masinga, lililokamilika mwaka 1981, huzuia sehemu ya mashapo hayo kufika delta.

Kituo cha tatu ni ubao mrefu juu ya jiwe. Mtungi wa maji uwekwe upande mmoja karibu na jiwe, naye mtoto abonyeze upande wa mbali. Mtungi utainuka kwa urahisi. Ubao ni wenzo. Jiwe ni egemeo.

Lugha ya Mwelekezaji

Ni kosa kuanza na istilahi. Mwelekezaji aulize kwanza: "Unadhani itakuwaje?" Mtoto ajibu kwa maneno aliyo nayo, yawe ya Kipokomo, Kiorma au Kiswahili, istilahi ije baada ya jambo kutendeka. Hapo Kiswahili chenyewe hutoa somo. Kitenzi elea hutumika kwa chombo kilicho juu ya maji, na pia kwa jambo lililo wazi akilini: "yamenielea". Eleza, nacho, huweza kumaanisha kufanya chombo kielee au kumfahamisha mtu. Mtoto aliyeuelesha mtumbwi wake wa udongo, kisha akamweleza mwenzake sababu, ametumia maana zote mbili.

Umuhimu wa Kijamii

Suala hili lina uzito kuliko alama za mtihani. Mwaka 2012 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta hiyo yaliua watu zaidi ya 100, na ugomvi juu ya maji na malisho ulikuwa miongoni mwa chanzo chake. Beseni moja haliwezi kuponya majeraha hayo. Hata hivyo, watoto wa mkulima na wa mfugaji wanaoinamia beseni hilo pamoja hujifunza kuyazungumzia maji kwa lugha moja, wakibishana kwa ushahidi ulio mbele yao.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba wanafunzi wa Kiswahili vyuoni watunge maelezo mafupi ya vituo kama hivi, kisha wayajaribu mbele ya watoto. Istilahi ambayo mtoto hawezi kuitumia akiwa ameshika kitu chenyewe irudishwe mezani, itafutiwe iliyo bora. Kamusi itakuwa imefanya kazi yake pale mtoto wa Garsen atakapoieleza sayansi, nayo ikamwelea.