SOMO LA IJUMAA: KUMSIFU MKUBWA KWA AJILI YA TUMBO



Siku moja mtu alimsifu Khalifa Uthman mbele yake. Al-Miqdad akapiga magoti, akamtupia changarawe usoni. Uthman akauliza: una nini? Akajibu kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru kuwatupia udongo usoni wale wanaozidisha sifa.

Sisi tuliona katika nchi yetu. Wakati wa Mobutu (1965-1997), wafanyakazi na wanafunzi walitolewa kumwimbia na kumchezea. Alipokimbia mwezi wa 5, 1997, nyimbo zile hazikumfaa kitu.

Watu walimwambia Ibn Umar: tukiingia kwa wakubwa tunasema hili, tukitoka tunasema lingine. Akawajibu kwamba zamani za Mtume walilihesabu jambo hilo kuwa ni unafiki.

Msifu wa uongo anadhulumu watatu: nafsi yake, mkubwa, anayenyimwa ukweli, na raia, ambao shida yao haifiki.

Kushukuru tendo jema si kosa. Lakini ukiingia kwa mkubwa kuomba kazi, sema lile utakalolisema ukisha kutoka. Riziki iko kwa Allah.

Allah atuepushe na unafiki. Amin.