Mnanaa wa Dirishani: Usiwafugie Mbu

Wewe uishiye ghorofani huna haja ya shamba wala udongo ili upate majani ya mnanaa. Shina moja la sokoni, chupa na maji vyatosha. Mimi huwahimiza watu wapande wenyewe, kwani baadhi ya mboga zinazouzwa mijini, hasa Nairobi, hunyweshwa maji ya mito iliyoingiwa na maji taka. Nao mnanaa aghalabu huliwa mbichi, haupikwi vijidudu vya homa ya matumbo vikafa.

Chagua shina changa lisilo na maua, la urefu wa kama sentimita 12. Likate chini kidogo ya kifundo, maana mizizi huota hapo, kisha uondoe majani ya chini yasije yakaoza majini. Baada ya siku 7 hadi 14 utaona mizizi myeupe.

Maji matupu hayana chakula cha kutosha. Nunua mbolea ya kuyeyusha majini iliyotengenezewa kilimo kisichotumia udongo, na uanze na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Samadi usitie kamwe. Huoza, hunuka na huleta vijidudu vile vile tunavyovikimbia. Chupa ivishwe karatasi nyeusi ili maji yasiote ukijani. Usiijaze hadi mdomoni, kwa sababu mizizi ya juu yahitaji hewa. Iweke dirishani palipo na mwanga mwingi.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama mmoja wa Mombasa alikuja kwangu akiwa na homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo vinavyouma. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ilikuwa homa ya dengi. Nilipomuuliza kama ana maji yaliyosimama nyumbani, alisema hana pipa wala tairi kuukuu, ila chupa zake za mnanaa tu. Bintiye alipoileta moja, tuliona viluwiluwi wakijinyonganyonga ndani. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma alitoka humo, lakini nyumba ile ilikuwa ikiwafuga bila kujua.

Mbu huyu, Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, ndiye pia aliyeeneza chikungunya mjini Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Hapendi mtaro mchafu. Hupenda maji ya vyombo vya nyumbani. Isitoshe, huuma mchana, wakati ambapo hakuna aliye ndani ya chandarua. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, na mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo, ambapo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji.

Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki, siku ile ile, mwaga maji yote, usugue ndani ya chombo kwa brashi, ndipo utie mapya. Mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba kuzunguka shina, pasibaki hata upenyo. Na ukipatwa na homa kama ya mama yule, usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwani dengi huweza kuleta kutokwa na damu. Tumia parasetamoli na umwone daktari.

Kuna hatari nyingine: mbolea iliyoyeyushwa na kuwekwa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitalini pamoja na pakiti yake.

Kuhusu matumizi, chai ya mnanaa huwatuliza wengine tumbo lililojaa gesi. Lakini wenye kiungulia waiepuke ikiwa huwazidishia, kwani mnanaa waweza kulegeza msuli unaozuia asidi isipande kooni. Wazazi nao wasimpake mtoto mchanga mafuta ya mnanaa puani au usoni hata akiwa na mafua. Badala ya kumfungua pua, yaweza kumzuia kupumua.

Ukivuna, kata ncha juu kidogo ya kifundo ili shina litoe matawi mawili, na uyaoshe majani kwa maji safi yanayotiririka, hata kama yametoka dirishani pako.